Mluzi Nisiousikia

Gari ikichelewa kuvuta, kuna mahali inakupeleka kwanza kabla ya kukupeleka unakokwenda. Unakanyaga eksileta, mguu umefika chini kabisa, na gari haijafika popote. Injini inaguna kama mtu aliyeitwa usingizini. Kichaka kilichokuwa kando yako bado kiko kando yako. Halafu turbo inaamka, mgongo unagonga kiti, na barabara inaanza tena kuja. Huo muda wa katikati si mrefu. Hesabu moja, mbili, pengine tatu. Lakini mimi kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kuingia humo ndani na kutafuta ni nini kinachoushikilia, na nakwambia humo kuna nafasi ya kutosha mtu kukumbuka maisha yake yote.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu waliosoma ndio wanaoniletea magari. Nyumba yangu ya mawe hapa Mbumbuni niliijenga kwa spana. Gereji yangu ni mabati, nguzo sita, na mchanga mwekundu uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi. Haina jina ubaoni. Mtu akinitafuta anaambiwa, nenda sokoni, uliza yule mzee wa masikio.

Masikio ndiyo yaliyonifanya mtu. Nilianzia Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, nikiziba pancha. Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni karai la maji: tia tyubu ndani, izungushe polepole, ngoja povu litoke, hapo ndipo pana tundu. Kazi ya macho hiyo. Lakini mchana jua likiwa kali na magari yakiwa machache, nilikuwa nalala juu ya gunia, nimefumba macho, nasikiliza malori yakija kutoka upande wa Makindu. Bado yako mbali, hayaonekani, na mimi nayajua. Hili noseli moja imeziba. Hili dereva wake anachelewa kubadilisha gia. Hili limejaza simenti na mkanda wake umelegea. Yalikuwa yanapita ndani ya usingizi wangu moja moja, kila moja na ugonjwa wake, na nikifungua macho lori ndilo lilelile nililoliona nikiwa nimefumba. Siku moja nilimsimamisha dereva nikamwambia turbo yako inatorosha hewa. Akanitukana. Baada ya wiki akarudi kunitafuta. Toka siku hiyo sikuziba pancha tena.

Kwa asiyejua, turbo ni feni ndogo. Inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, nayo inasukuma hewa nyingi ndani ili injini ipate nguvu. Ukianza kukanyaga, moshi bado ni kidogo, feni bado ni nzito, lazima usubiri. Hiyo ni tabia yake wala si ugonjwa. Lakini ikikusubirisha kupita kiasi, ujue kuna mahali hewa imeziba au kuna mahali inatoroka. Na hewa inayotoroka kwenye mpira hupiga mluzi. Mwembamba sana. Zamani ulikuwa ukinichoma sikio kama mwiba, hata gari ikiwa ng'ambo ya soko.

Zamani.

Kwanza walipotea ndege. Asubuhi nilikuwa nakaa mlangoni na chai yangu, na kulikuwa kimya, nikasema moyoni, ukame umewahamisha. Niliwaona kwenye ua wakifungua midomo na kufunga, nikadhani wana kiu. Halafu maneno ya watu yakaanza kunifikia yamechelewa. Mtu anasema, mdomo unafunga, mimi bado sina kitu. Kisha maana inakuja, kama imetembea kwa miguu. Sauti nzito nazipata. Ngurumo ya dizeli naipata hata kwa tumbo. Zilizopotea ni zile nyembamba za juu, na mluzi uko huko juu pamoja na ndege.

Nilijua, na nilikuwa nakataa kujua. Watoto wangu walioko Nairobi walikuwa wamekwisha kusema, mzee, sasa funga, kaa nyumbani ufuge kuku. Fundi wa masikio asiye na masikio ni nani? Ni mtu wa kuku. Kwa hiyo sikumwambia mtu.

Ilikuwa Februari, watu wa Kitui wamemaliza kuvuna ndengu, wakati mama mmoja alipoingia uwanjani na pikapu ya dizeli yenye viti vya nyuma. Rangi yake ilikuwa nyeupe, lakini ilitakiwa uambiwe. Mama mwenyewe alikuwa mnene, kilemba kichwani, sauti nzito nzuri ambayo sikuhitaji kuikisia. Alikuwa ametoka Kyuso, mbali kote huko, ni mnunuzi wa ndengu, analima pia zake. Akanisalimu kwa Kikamba, akaniita nau, kama mtu anavyomwita baba yake.

"Nau, gari hii inalala."

"Inalala wapi, mwaitu?" nikauliza, nami nikimwita mama kwa Kikamba.

"Barabarani. Nikiikanyaga, inalala kwanza, halafu inakumbuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno. Juzi pale karibu na Kiboko nilitoka nipite lori la tangi la mafuta. Nikakanyaga. Kimya. Mbele lori jingine linakuja, limeshawasha taa. Niliomba maombi nusu, nau. Nusu nyingine niliimalizia kwenye nyasi kando ya barabara."

Alisema akicheka, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani na gari imezimwa.

"Hujaipeleka kwingine?"

"Niliipeleka kwa vijana wa kompyuta, Kitui mjini. Wakaichomeka waya, kompyuta ikasema haina shida."

"Kompyuta haikuwa Kiboko," nikamwambia.

Hapo akacheka kweli, akashuka.

Nikafungua boneti. Harufu ikanijia usoni, harufu ya shamba, ya maganda makavu ya ndengu yaliyopata joto. Kila pembe ilikuwa na makapi. Na mdomo wa paipu inayovuta hewa ulikuwa umefungwa leso, maua mekundu na ya manjano, mafundo mawili safi.

"Mwaitu, injini hii inaolewa?"

"Hiyo ni ya kuzuia makapi."

"Makapi yanatoka wapi ndani ya gari?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. Basi akanieleza. Wengine bado wanapura ndengu kwa fimbo. Yeye anatandaza turubai uwanjani, anamwaga ndengu na maganda yake, halafu anapanda pikapu na kupita juu, mbele nyuma, mbele nyuma, kutwa nzima, mpaka maganda yote yapasuke. Tairi haziumizi ndengu, alisema, fimbo ndizo zinaumiza. Vumbi na makapi yanapanda mpaka huoni boneti. Ndipo akaona aifunike gari mdomo kama anavyojifunika yeye mwenyewe. Alipomaliza kupura, leso akaisahau.

Nikafungua chujio la hewa. Makapi yaliyokuwa humo yangetosha kulisha mbuzi. Nikalipuliza kwa kompresa, nikatoa leso, nikaikung'uta, nikampa. Nikasema moyoni, hata hii haikunihitaji mimi.

"Nenda uizungushe."

Akaenda, akarudi.

"Imepunguza kulala," akasema. "Lakini bado inasinzia."

Tukatoka pamoja. Juu ya soko kuna kilima kinachopanda kuelekea kanisa letu, kirefu, kizuri kwa kazi hii, kwa sababu gari haiwezi kukudanganya mlimani. Yeye akaendesha, mimi nikakaa kando yake, nimefumba macho kama nilivyozoea. Akakanyaga. Nikausikia ule muda wa katikati. Injini ilinguruma chini ya miguu yangu, pana, ya mbali, kama mvua iliyo upande wa pili wa milima. Jua lilikuwa kwenye magoti yangu. Kwa kitambo nilikuwa Kiboko juu ya gunia, na malori yote yaliyowahi kupita yalikuwa yanapita tena, lakini sasa hayakuwa na magonjwa. Yote yalikuwa mazima. Yote yalinguruma sawasawa. Nikaogopa.

"Unausikia huo mluzi?" mama akauliza.

Nikafungua macho. Nikasikiliza mpaka shingo ikauma. Hakuna.

"Nausikia," nikasema.

"Ni nini?"

Ningeweza kusema ngoja niangalie. Nilikuwa na nafasi ya kusema hivyo.

"Ni turbo yenyewe," nikasema. "Beari zimekwisha. Imekufa."

Tukageuza juu kanisani. Tulipokuwa tunashuka akasema, "Nau, mimi sijui magari. Wewe ndiye unayejua. Niambie neno moja tu. Nikitia turbo mpya, haitanilalia tena mbele ya lori?"

"Haitalala," nikasema.

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya mtu mwenye nyumba ya mawe.

Basi nikaanza kazi ya kuitoa turbo iliyokufa kwa mdomo wangu. Nikaingia chini ya gari, nikalala chali juu ya gunia. Mchana wa Februari huku kwetu hausogei. Mabati yanalia kwa joto, nadhani yanalia, zamani yalikuwa yakilia. Matone ya maji ya rejeta yalikuwa yakianguka karibu na sikio langu bila sauti. Nikafungua paipu inayoingiza hewa kwenye turbo, nikapenyeza kidole, nikaigusa ile feni. Nikaisukuma huku na huku. Beari iliyokwisha huyumbayumba, utafikiri jino la mtoto. Hii haikuyumba. Nikaizungusha kwa ncha ya kidole, ikazunguka laini, ikaendelea kuzunguka hata baada ya kidole kutoka.

Ilikuwa nzima. Kidole changu kilijua, na mdomo wangu ulikuwa umeshasema.

Nikabaki pale chini. Sikuchomoa mkono, sikufungua nati nyingine.

Mke wangu alikuja na chakula, muthokoi wa mahindi na maharagwe kwenye bakuli na chai ya chupa. Niliona miguu yake ikisimama karibu na ya yule mama, nikaona viatu vyao vikigeukiana. Wanaongea. Walikaa hivyo kwa muda. Halafu miguu ya mke wangu ikaja upande wangu, akachutama, uso wake ukatokea pale chini ya mlango, umepinda, karibu kabisa. Tumeoana tangu sina hata spana yangu mwenyewe. Anajua kunisemesha: uso kwanza, halafu maneno, mazito, polepole.

"Wewe mzee."

"Nini?"

"Ati umesikia mluzi."

Nikajifanya natafuta spana.

"Ndege husikii. Simu ikilia ndani ya mfuko wako, mimi ndiye ninayekuambia. Askari wa barabara alikupigia firimbi pale njia panda, ukapita kama gavana. Mluzi wa gari umeusikia na nini? Na goti?"

"Niache nifanye kazi."

"Fanya. Mama wa watu atapita lori kwa kuamini goti lako."

Uso ukaondoka. Miguu ikaenda. Mimi nikabaki na tumbo la gari juu yangu.

Sijui nililala pale muda gani. Kuna usingizi ambao si usingizi. Niliona ile barabara ya Kiboko, nyeupe kwa jua, na pikapu iliyokuwa nyeupe ikitoka kupita tangi la mafuta. Mguu wa mama umefika chini. Turbo ni mpya, inang'aa, na hewa inatoroka palepale ilipokuwa inatoroka, kwa sababu hakuna mtu aliyetafuta. Naye hana wasiwasi. Mzee wa masikio amemwambia haitalala. Anasubiri iamke. Anasubiri. Niliona kilemba chake kwenye kioo, na mbele yake taa. Sikuona kilichofuata, kwa sababu nilitoka chini ya gari upesi hata nikagonga kichwa.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi, anakula muthokoi wangu. Mke wangu alimpa. Nikasimama mbele yao na oili mpaka viwiko.

"Mwaitu," nikasema, "nilikudanganya. Sisikii."

Akaacha kutafuna.

"Husikii nini?"

"Mluzi. Kule kilimani sikusikia kitu. Siku hizi sisikii vitu vyembamba. Turbo yako ni nzima, nimeishika kwa kidole hiki."

"Kwa hiyo haikufa?"

"Nimeiua mimi kwa mdomo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kicheko. Watu wetu wangecheka mpaka jioni. Hakucheka. Aliweka bakuli chini, akajifuta mikono kwa ile leso yenye makapi, akanitazama mpaka nikatazama chini.

"Nau," akasema, "mimi nina watoto."

Basi. Nimetukanwa na madereva wa kila kabila, na hakuna aliyenipiga kama huyo.

"Nimekosa," nikasema. Neno hilo halikuwa limezoea kinywa changu, lilitoka kama nati iliyoshika kutu.

Mke wangu ndiye aliyesimama. Huyo huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Mtu mmoja akiteleza nyuma kabisa, yeye anajua ni nani. Akafunga kanga vizuri, akasema, "Haya, rudisha hiyo paipu yako twende kilimani. Huo mluzi nitausikia mimi."

"Wewe unajua nini kuhusu turbo?"

"Sijui kitu. Najua wewe ukiwa unakoroma na ukiwa unajifanya kukoroma."

Yule mama wa Kyuso hapo ndipo alipocheka.

Nikarudisha paipu. Mama akakaa kwenye usukani, mimi kando yake, mke wangu nyuma yangu. Aliweka mkono begani pangu. "Mluzi ukianza, nakufinya," akaniambia karibu na sikio. "Ukiisha, naachilia. Wewe fumba macho yako kama kawaida yako."

Nikafumba.

Mama akakanyaga. Ule muda wa katikati ukaja, mpana, wa joto, kilima kimesimama. Moja. Mbili. Mkono umelala begani, mwepesi. Tatu, na turbo ikaanza kuamka, na vidole vikanifinya. Si ghafla. Vilianza kidogo, vikakaza gari ilipokaza, vikapanda pamoja nayo. Mama akainua mguu kwenye kona, vidole vikalegea palepale. Akakanyaga tena, vikarudi. Sikusikia mluzi, lakini niliujua ulivyo, wapi unaanza, wapi unapanda, wapi unakatika. Ulikuwa unapita begani pangu kwenda ndani. Tulipanda kilima chote hivyo. Juu kanisani nikasema tugeuze, turudie. Haikuwa lazima kurudia. Nilikuwa nimeshajua. Nilitaka tu kusikia mara nyingine.

Beari iliyokwisha haiachi kulia ukiinua mguu. Inalia mpaka feni isimame. Huu ulikuwa unakufa mara moja na mguu. Hiyo ni hewa. Hewa yenye nguvu, iliyopata tundu.

"Unatoka wapi?" nikamwuliza mke wangu.

"Mbele. Chini. Upande huu wako."

Upande wangu wa kushoto, chini, ndiko unakopita mpira mnene unaotoa hewa kwenye turbo na kuipeleka kwenye rejeta ndogo ya kuipoza. Nilikuwa nimeutazama mpira huo nikauona mzima. Gari ikisimama, hewa haina nguvu, na tundu linaweza kujifunga kama mdomo wa mtu mwenye siri.

Sasa kuna njia ambayo nilikuwa nawacheka mafundi wengine wakiitumia. Nilikuwa nasema hiyo ni ya wasio na masikio. Nikatafuta mkebe wa rangi unaoingia sawasawa mahali pa kuvutia hewa, nikautoboa, nikapitisha valvu ya tyubu kuukuu, nikaukaza kwa klipu. Nikaunganisha mpira wa kompresa. Mke wangu akanikorogea sabuni ya kufulia kwenye karai mpaka ikatoa povu. Mama nikampa kazi ya kufungua hewa.

"Kidogo, mwaitu. Kama unapuliza uji."

Nikapiga magoti mbele ya gari na kitambaa chenye sabuni, nikaanza kupaka. Kiungo baada ya kiungo. Mimi, na miaka yangu yote, niko na karai tena, nasubiri povu. Sikujua kama nicheke. Jua lilikuwa limeanza kuinama, likaingia ndani ya boneti, na kila tone la sabuni lilikuwa na dirisha dogo ndani yake. Povu lilikaa kimya juu ya mipira. Nilikipenda kile kimya, kwa sababu mara hii kilikuwa cha wote, si changu peke yangu.

Nikachukua kipande cha kioo cha pembeni kilichovunjika, nikakishusha chini ya ule mpira wa kushoto, niuone tumbo. Na hapo kwenye kioo povu likavimba. Moja, likapasuka. Jingine. Halafu mengi, yanasukumana, kama chungu kinachoanza kuchemka.

"Njooni muone," nikasema.

Tukawa vichwa vitatu ndani ya boneti. Chini ya mpira kulikuwa na mistari midogo miwili miwili, imechimbwa kwa bidii, na katikati mpasuko mrefu kama kucha.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Meno."

"Ya nani?"

"Panya. Amefuata ndengu zako ndani ya injini. Zikaisha, akaona ajaribu mpira."

Mama akashika kiuno. "Kumbe mimi ndiye niliyemkaribisha!"

"Na leso ukamtandikia," mke wangu akasema.

Kisha mke wangu akanyoosha kidole pembeni, kwenye kijisinia cha chuma kilicho chini ya rejeta, pale maji yalipokuwa yakidondoka bila mimi kuyasikia. Kwenye vumbi lililolowa palikuwa na ndengu sita, saba, zimeota. Majani mawili mawili, mabichi kabisa, yameinama upande mmoja kuelekea mwanga. Zilikuwa zimetoka Kyuso zikisafiri hivyo, ndani ya joto na ngurumo. Mama alizing'oa polepole, akazifunga kwenye pembe ya leso pamoja na udongo wake.

Mpira wa namna hiyo hauzibwi. Anayekuambia ataufunga kwa gundi na waya anakurudisha Kiboko kwenye nyasi. Nilikuwa na mpira mzima wa lori nililolichinja zamani, mnene, wenye matabaka manne ya nguo ndani. Nikaukata kwa kipimo, nikauvalisha, klipu mbili kila upande, nikakaza mpaka mkono ukasema basi. Na yale maji ya rejeta, ilikuwa klipu tu imelegea, nikaikaza. Tukapuliza tena kwa kompresa. Povu likalala. Nikapaka mara ya pili, kwa sababu siku hiyo nilikuwa sijiamini. Likalala.

Tukapanda kilima kwa mara ya mwisho, vilevile, mkono begani. Mama akakanyaga. Moja, na mgongo wangu ukaingia kwenye kiti. Mawe ya kando yakaanza kukimbia. Nikasubiri vidole. Havikuja. Tulipita kona, tukapita shamba la miembe, tukafika juu kanisani, na mkono ulikuwa umelala tu, mwepesi, kama umesahauliwa hapo.

"Imenyamaza," mke wangu akasema.

Kabla mama hajaondoka nilimweleza jambo ambalo zamani nisingejishughulisha kulieleza. Nilimwambia, hiyo hesabu moja iliyobaki ni tabia yake, gari zote za turbo ziko nayo, hakuna fundi wa kuitoa. Usitoke kupita lori ukiwa kwenye gia ya juu ukingoja iamke. Shuka gia moja kwanza, iache ipandishe pumzi ukiwa bado nyuma ya lori, ndipo utoke. Na ukiona huna nafasi ya kuhesabu mpaka tatu, kaa nyuma ya watu. Akarudia maneno yote, mpaka nikaridhika. Akauliza na kupura je. Nikamwambia pura, lakini jioni fungua boneti ufagie kama unavyofagia jikoni, na mdomo wa gari usiufunge nguo.

"Na wakiniuliza ni fundi gani?" akasema, ameshawasha gari.

"Waambie ni mzee wa Mbumbuni asiyesikia."

Alicheka, lakini aliwaambia. Kwa sababu wamekuja. Watu wa Kyuso, watu wa Mwingi, wanaingia uwanjani wakiongea kwa sauti kubwa kama wanahubiri, na mimi nawaambia msipige kelele, nisemesheni usoni. Karai la sabuni liko mezani karibu na spana. Kuku sijanunua. Gari ikija na ugonjwa wa kulala, namtuma mtu nyumbani, naye mke wangu anakuja na kiondo anachosuka, anakaa kiti cha nyuma, anasema haya.

Asubuhi tunakaa mlangoni na chai. Juzi aliniambia kitu. Niliona mdomo wake ukisema, ukafunga. Nikangoja, kama ninavyongoja siku hizi. Jua lilikuwa linapanda kwenye ua, na matawi yalikuwa yanatikisika bila upepo. Yeye naye hakurudia, ananijua, alikunywa chai yake. Kisha maana ikafika: unawaona wale ndege?

"Ndiyo," nikamjibu. "Niambie ni wangapi."

Akaweka mkono begani pangu, akaanza kuwahesabu.